Nesi aliyeuliza: "Damu yake iko wapi?"

Najua nimekuwa kimya, na kuna mtu ameshaanza kuuliza kama nimedisko. Sijadisko. Bado nipo mwaka wa tatu, bado nasoma ualimu, na bado nadaiwa hela ya chipsi na mwenzangu wa chumba. Nilikuwa nauguza. Mama yangu mdogo alifanyiwa upasuaji mwezi uliopita, na kwa kuwa watoto wake wote wako mbali, mimi ndiye niliyekuwa nalala kwenye benchi nje ya wodi na desa la saikolojia ya elimu mapajani. Sasa amerudi nyumbani, anakula, na juzi nimesikia amegombana na jirani kuhusu ndoo ya maji, kwa hiyo nimejua amepona. Ndiyo maana leo nimepata nguvu ya kuandika.

Lakini sikuja kuwapa stori ya ugonjwa tu. Nina hoja, na nitaifikisha. Naomba mnivumilie nianze na stori yenyewe, maana bila hiyo hoja haina miguu.

Mama mdogo alikuwa na uvimbe kwenye kizazi, ule wanaouita fibroidi. Kwa zaidi ya mwaka alikuwa anatokwa na damu nyingi kila mwezi, mpaka ikafika hatua akipanda ngazi tatu anatafuta pa kukaa. Tukapangiwa siku ya upasuaji. Hospitali siitaji, kwanza kwa sababu sikuja kumchoma mtu hapa, na pili kwa sababu naamini kilichotokea pale kinatokea sehemu nyingi.

Siku ya siku ikafika. Hajala tangu jana yake usiku, kavalishwa gauni la kijani, kapandishwa kwenye kitanda cha magurudumu, mimi nafuata nyuma na khanga zake na kandambili. Mlangoni mwa thieta tukapokelewa na nesi mmoja mfupi, mwenye miwani, mtu mzima kidogo. Badala ya kufungua mlango akafungua faili. Akalisoma ukurasa kwa ukurasa kama vile anasahihisha mtihani. Akamuuliza mama mdogo, "Mama, jina lako nani? Leo umekuja kufanyiwa nini?" Akajibiwa. Kisha akamgeukia nesi aliyetuleta kutoka wodini.

"Damu yake iko wapi?"

Kimya.

Nesi wa wodini alijua daktari wa zamu alishaandika fomu ya kuombea damu. Daktari wa zamu alijua fomu ilishapelekwa. Maabara, walipopigiwa simu, wakasema hawana fomu wala sampuli ya jina hilo. Na fomu ilikuwa wapi? Ndani ya faili hilo hilo, imekunjwa vizuri, haijaenda popote. Tena kipimo cha wingi wa damu kilichokuwemo kilikuwa cha miezi minne nyuma. Yaani kila mtu alikuwa na uhakika kwamba mwenzake ameshafanya.

Daktari bingwa akachungulia kutoka ndani, kashavaa kofia. Akasema, "Sista, leo tuna wagonjwa watano. Tuanze, damu itafuata." Nesi akajibu taratibu, bila kupandisha sauti: "Dokta, huyu bila damu siwezi kumpokea."

Tukarudishwa wodini.

Sasa nitasema ukweli wangu, maana hapa tumezoea kusema ukweli. Nilimchukia yule nesi. Nilimwambia, tena kwa sauti ambayo mama yangu angeisikia angenichapa, "Sista, huyu ni mgonjwa, hajala tangu jana, mnamrudisha kwa ajili ya karatasi?" Hakukasirika. Akasema, "Najua, mwanangu. Wewe nenda ukachangie damu." Nikaenda, nanung'unika njia nzima. Mjomba naye akaja akachangia.

Mchana majibu ya kipimo kipya yakatoka. Damu ilikuwa imeshuka mpaka 7. Kwa wasiojua (mimi sikujua mpaka siku hiyo), mwanamke mzima anatakiwa awe kwenye 12 hivi kwenda juu. Daktari bingwa mwenyewe alipoiona akaahirisha, akasema aongezewe damu kwanza. Alipasuliwa siku mbili baadaye, na humo ndani damu ilimwagika kuliko walivyotegemea, akahitaji chupa mbili nyingine. Zilikuwepo. Zilikuwa zimeandikwa jina lake, zipo kwenye friji, zinasubiri.

Sijui ingekuwaje kama wangeanza siku ile ya kwanza. Pengine wangehangaika wakapata damu fasta, pengine asingepata shida. Lakini usiku ule pale kwenye benchi nilifanya hesabu hiyo mara nyingi, na kila nikifika mwisho wa hesabu naanza upya.

Basi hoja yangu ndiyo hii. Tukizungumzia kuboresha huduma kwa wagonjwa, sisi Watanzania tunazungumzia majengo, mashine na madaktari bingwa. Vyote vinahitajika, sipingi. Ila kilichokuwa karibu kumponza mama mdogo hakikuwa ukosefu wa mashine. Maabara ilikuwepo, friji ilikuwepo, bingwa alikuwepo. Kilichokosekana ni mpango wenye jina la mtu, na kilichotuokoa ni muuguzi aliyeijua kazi yake na aliyekuwa na ubavu wa kumwambia mkubwa wake "hapana". Naona hapo ndipo pa kuanzia.

Niliporudi chuoni, badala ya kusoma vya UE nikaanza kusoma vya hospitali. Kumbe lile zoezi la maswali pale mlangoni lina historia, na historia yenyewe inapita hapa hapa nyumbani. Kati ya mwaka 2007 na 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha fupi ya ukaguzi wa upasuaji, vipengele 19 tu, kwenye hospitali nane za miji minane. Mmoja wa vinara wa kazi hiyo alikuwa daktari mpasuaji wa Marekani, Atul Gawande. Miji yenyewe ni Toronto, Seattle, London, Auckland, New Delhi, Amman, Manila na... Ifakara. Ndiyo, Ifakara yetu, kule Kilombero, mkoa wa Morogoro. Nilipoona hilo jina katikati ya London na Seattle nilicheka peke yangu maktaba, mpaka jirani akanitazama.

Orodha yenyewe haina maajabu. Timu inasimama mara tatu: kabla ya kumlaza mgonjwa usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla mgonjwa hajatoka thieta. Wanaulizana kwa sauti. Huyu ni nani? Tunapasua nini, upande gani? Ana mzio wa dawa yoyote? Anaweza kupoteza damu zaidi ya nusu lita, na kama ndiyo, tumejiandaaje? Dawa ya kuzuia maambukizi kapewa? Kila aliyemo ataje jina lake na kazi yake. Mwishoni wanahesabu vifaa na pamba, visije vikabaki tumboni kwa mtu.

Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Vifo vya waliopasuliwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Waliopata madhara makubwa walishuka kutoka asilimia 11 hadi 7. Kwa maswali! Hakuna jengo lililojengwa.

Hapa najua kuna mdau ameshafurahi, anasema basi tuchapishe fomu nchi nzima, yaishe. Ngoja kwanza. Jimbo la Ontario huko Kanada lilifanya hivyo hivyo, likaagiza hospitali zake zitumie orodha hiyo. Mwaka 2014 watafiti wakaangalia matokeo ya hospitali 101. Vifo vilipungua kiduchu mno, kiasi kwamba kitaalamu huwezi kusema vimepungua. Karatasi ni ile ile, na hospitali zenyewe zilisema zinaitumia karibu kila mara. Watu wamebishana sana sababu ni nini, na wengi wakasema kuamrisha fomu ni kitu kimoja, kuifanya timu iitumie kweli ni kitu kingine.

Mimi hilo halikunishangaza hata kidogo, na sababu ni kwamba nasoma ualimu. Wenzangu wa ualimu mnajua ninachotaka kusema. Andalio la somo! Tukiwa TP, kila kipindi kinatakiwa kiwe na andalio: malengo, hatua za somo, zana, tathmini. Ni kitu kizuri mno kama unakitumia. Lakini jamani, tuseme ukweli, ni wangapi kati yetu tuliyaandika maandalio ya wiki mbili usiku mmoja, kwa kalamu tatu tofauti ili yaonekane yameandikwa siku tofauti, kwa sababu tulisikia mhadhiri anakuja kesho kutukagua? Mimi nimo. Kipengele cha tathmini nilikuwa naandika "wanafunzi wameelewa vizuri" kabla hata sijaingia darasani. Andalio lilikuwa safi, lina kila kitu, ila halikumfundisha mtoto yeyote chochote.

Sasa kama mimi mwenye wanafunzi wazima wa afya naweza kufanya hivyo, nesi aliyechoka saa nane usiku, mwenye wodi nzima peke yake, atashindwaje kuweka vema kwenye visanduku vyote? Mpango ulioandikwa kwa ajili ya mkaguzi unamhudumia mkaguzi. Kwa mama mdogo, fomu ilikuwa imejazwa, tena kwa mwandiko mzuri. Ilikuwa tu haijatoka kwenye faili.

Kwa hiyo karatasi peke yake haitoshi. Nini kinaongeza nguvu kwenye karatasi? Kwa niliyoyasoma na niliyoyaona, naona mambo matatu.

La kwanza ni ruhusa ya mdogo kumsimamisha mkubwa. Kuna kazi maarufu ilifanyika kwenye jimbo la Michigan, Marekani, ikaongozwa na daktari Peter Pronovost, matokeo yakatoka mwaka 2006. Walikuwa wanataka kupunguza maambukizi yanayoingia kupitia ile mipira inayowekwa kwenye mishipa mikubwa ya wagonjwa mahututi. Hatua zilikuwa tano tu, mojawapo ni kunawa mikono. Ila siri ilikuwa hapa: muuguzi alipewa mamlaka ya kumsimamisha daktari akiruka hatua. Si kumnong'oneza, kumsimamisha. Maambukizi yalipungua kwa hadi asilimia 66, na yakaendelea kuwa chini kwa mwaka mmoja na nusu waliofuatilia. Sasa jiulize hapa kwetu, ambako tumelelewa kwamba mkubwa hakosolewi mbele za watu. Yule nesi wangu wa miwani alitumia ubavu wake mwenyewe. Mwingine mwenye roho nyepesi angefungua mlango, na nisingemlaumu. Usalama wa mgonjwa usitegemee kama leo zamu ni ya nesi mwenye ubavu au asiye nao. Ruhusa hiyo iandikwe, na uongozi usimame nyuma yake.

La pili ni kupima badala ya kukisia. Hili nalo linanigusa kama mwalimu, maana tuna tabia ya kuuliza darasa "mmeelewa?", watoto wanaitikia "ndiyoooo", tunasonga mbele. Ukitoa jaribio la dakika kumi ndipo unagundua walioelewa ni wanne. Kumbe na hospitalini ni vile vile. Mama akijifungua, damu inayomwagika kwa miaka mingi imekuwa ikikadiriwa kwa macho, na macho yanadanganya. Kuna utafiti uliofanyika kwenye hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ukahusisha akina mama zaidi ya 200,000, matokeo yakatoka 2023. Unaitwa E-MOTIVE. Walichofanya ni kuweka chini ya mama karatasi ya nailoni yenye mfuko na mistari ya kupimia, kama jagi la jikoni. Mkunga anaona mwenyewe damu imefika wapi. Ikizidi kiwango, timu haisubiri mpaka mama aanze kuweweseka, inaanza hatua zote kwa pamoja: kusugua kizazi, dawa ya kukibana, dawa ya kusaidia damu kuganda, dripu, na kuchunguza damu inatoka wapi. Zamani walikuwa wanatoa moja, wanasubiri, wanatoa nyingine. Kwenye hospitali zilizoendelea na utaratibu wa kawaida, tatizo liligundulika kwa karibu nusu tu ya waliokuwa nalo. Kwenye zile zilizotumia utaratibu mpya liligundulika kwa asilimia 93. Na waliofikia kutokwa na damu kupita kiasi, kufunguliwa tumbo au kufa kwa sababu hiyo walikuwa asilimia 1.6, dhidi ya 4.3. Mfuko wa nailoni na wakunga wanaojua la kufanya bila kumsubiri daktari!

La tatu ni kumwacha muuguzi abobee. Hapa nina ugomvi. Uuguzi sisi wa nje tunauona kama kazi moja: kuchoma sindano na kugawa vidonge. Kumbe muuguzi wa thieta, muuguzi wa usingizi, mkunga, muuguzi wa wagonjwa mahututi, kila mmoja ana macho yake. Sehemu nyingi za nchi hii anayekulaza usingizi siyo daktari, ni muuguzi aliyesomea usingizi. Pale Muhimbili chuo kikuu cha afya kinafundisha hadi shahada ya uzamili kwa wauguzi wa wagonjwa mahututi na kwa wakunga. Sasa rafiki yangu mmoja anayesoma uuguzi aliniambia kinachomuuma zaidi ni kuona mtu amesomea jambo fulani miaka miwili, akirudi kazini anahamishiwa kitengo kingine kabisa kwa sababu huko kuna pengo. Ni kama kumchukua mwalimu wa fizikia, mmempata kwa shida, mkampa afundishe michezo kwa sababu mwalimu wa michezo kaenda likizo. Pengo limezibwa, na lingine limechimbwa.

Na kubobea siyo cheti tu cha kutundika ukutani, ni mazoezi. Kwenye mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza ulifanyika mpango wa uzazi salama kwenye vituo 30, matokeo yake yalichapishwa 2025. Wahudumu walikuwa wanafanya mazoezi mafupi, ya mara kwa mara, hapo hapo kazini, wakitumia midoli ya mama na mtoto. Siyo semina ya siku tano hotelini na posho. Vifo vya watoto wachanga vilipungua. Kwa sisi wa ualimu hii siyo habari mpya: mtoto anayefanya hesabu tatu kila siku atamshinda anayefanya hamsini siku moja kabla ya mtihani.

Najua pingamizi kubwa. Wafanyakazi hawatoshi. Ni kweli, tena kweli tupu. Usiku nililala pale nilimwona nesi mmoja na wodi nzima, anakimbia kutoka kitanda hiki kwenda kile, na bado ndugu wa wagonjwa (mimi nikiwemo) tunamwita "sista, sista" kama kondakta anaita abiria. Kumwongezea huyo fomu ya kurasa sita ni kumwonea. Orodha haizai wauguzi, na serikali isije ikaitumia kama kisingizio cha kutoajiri. Lakini nasema hivi: watu wakiwa wachache, ndipo mpango unapohitajika zaidi, kwa sababu hakuna mtu wa ziada wa kuokota kilichodondoka. Siku ile wodini hawakuhitaji mtu wa nne. Watatu waliokuwepo walihitaji kujua ni nani kati yao anaipeleka sampuli maabara. Jina moja, limeandikwa mbele ya faili. Basi.

Wiki iliyopita nilimsindikiza mama mdogo kliniki, nikaenda mpaka thieta kumtafuta yule nesi. Nilimkuta anatoka zamu, kashabadilisha nguo, hata nusura nimpite. Nikamwamkia, nikajieleza, nikaomba radhi kwa maneno yangu ya siku ile. Alicheka, akasema hanikumbuki, watu wengi wanamfokea. Nikamuuliza kwa nini alilisoma faili zima wakati kila mtu alikuwa na haraka. Akasema, "Mwanangu, kuna siku na mimi nachoka. Kichwa kinasahau. Ndiyo maana nasoma yote, kila mtu, kila siku."

Akanitakia masomo mema, akaenda kuwahi daladala.

Mimi mwakani Mungu akipenda nitakuwa darasani, na maandalio yangu ya somo. Nimejiapiza kile kipengele cha tathmini nitakijaza baada ya kipindi. Na nyie mnaosoma udaktari na uuguzi, ambao nawajua mnapita humu kimya kimya, siku mkiwa na vyeo, mkisikia sauti ya chini kutoka mlangoni inauliza "damu yake iko wapi?", tafadhali msiseme itafuata.

Ngoja nikimbie, foleni ya kantini ishafika nje. Mbarikiwe wote.